Rais Roosevelt na Bahasha za Wakati wa Vita

Jina la Roosevelt si geni katika nchi yetu ya Uganda. Lakini wengi wetu tukilisikia twamfikiri Theodore Roosevelt, yule mwindaji aliyepita hapa mwisho wa mwaka 1909 na mwanzo wa mwaka 1910, akaendelea na safari yake mpaka mto Nili. Huyo alikuwa Rais wa Marekani kabla ya kuja huku. Mimi leo nataka kuwaeleza habari za Roosevelt mwingine, Franklin, ambaye alikuwa wa ukoo ule ule, naye akawa Rais baada yake. Huyu hakuja Uganda, wala hakuwinda tembo. Alichokiwinda yeye kilikuwa ni kitu kidogo sana: stempu za posta.

Sababu ya kuchagua habari zake nitaieleza mwisho, kwa maana inanihusu mimi mwenyewe, tena si jambo la kujivunia.

Franklin Delano Roosevelt alizaliwa tarehe 30 Januari 1882, mahali paitwapo Hyde Park, kando ya mto Hudson, katika jimbo la New York. Baba yake, Bwana James, alikuwa mtu mwenye mali na mashamba. Mama yake, Bibi Sara, alitoka katika ukoo wa Delano. Babu yake mzaa mama alikuwa mfanyi biashara aliyepata utajiri wake katika nchi ya Uchina, na Bibi Sara alipokuwa msichana alikaa Hong Kong kwa muda. Barua zilikuja nyumbani kwao kutoka nchi za mbali, naye akaanza kuzikusanya stempu zake. Alipokuwa mkubwa alimpa ndugu yake mdogo, Frederic, stempu zile. Frederic naye alipomwona mpwa wake Franklin anazipenda, akampa yeye. Hivi ndivyo ilivyokuwa: stempu zilitoka kwa mama, zikapita kwa mjomba, zikamfikia mtoto. Franklin alikuwa na umri wa miaka kama minane au zaidi kidogo alipoanza kazi hii, wala hakuiacha mpaka siku alipokufa.

Mtoto huyu hakuwa na ndugu wa tumbo moja wa kucheza naye. Akasoma nyumbani kwa walimu walioletwa, na jioni akafungua albamu yake. Kila stempu ilikuwa na jina la nchi, naye akaitafuta nchi ile katika ramani. Kwa njia hii alijifunza miji, milima, wafalme na fedha za dunia nzima. Baadaye, alipokuwa mkuu wa nchi, watu walistaajabu kuona jinsi alivyozijua nchi ndogo na visiwa vya mbali ambavyo mawaziri wake hawakuvijua.

Alisoma Harvard, akajifunza sheria, na mwaka 1905 akamwoa Eleanor, ambaye Rais Theodore alikuwa baba yake mkubwa upande wa ukoo wao. Mwaka 1910 alichaguliwa kuingia katika baraza la jimbo la New York, na mwaka 1913 akawekwa kuwa naibu wa waziri wa majeshi ya bahari, kazi aliyoifanya mpaka mwaka 1920. Alikuwa kijana mrefu, mwenye afya, apendaye kuogelea na kuendesha mashua. Watu walimtazama wakasema moyoni kwamba huyu atafika mbali.

Lakini mwezi wa Agosti 1921, alipokuwa na umri wa miaka 39, alikwenda kupumzika katika kisiwa cha Campobello, upande wa Canada. Huko akashikwa na homa, na kwa siku chache tu miguu yake ikafa nguvu. Madaktari wakatambua kwamba ni ugonjwa wa polio, yaani kupooza. Tangu siku ile hakutembea tena peke yake bila msaada. Ilimbidi avae vyuma miguuni, ashike fimbo, na kuegemea mkono wa mtu.

Fikirini, ndugu zangu, mtu wa namna ile analala kitandani mwezi baada ya mwezi. Mama yake alitaka arudi Hyde Park akae kimya kama mgonjwa wa siku zote. Mke wake na rafiki zake walitaka arudi katika kazi za siasa. Katika miezi ile ya mateso stempu zake zilimsaidia sana. Albamu iliwekwa juu ya mapaja yake, na kioo cha kukuzia mkononi mwake, na akili yake ikasafiri mahali ambapo miguu haikuweza kumpeleka. Hakupona, lakini hakukata tamaa. Alikwenda Warm Springs katika jimbo la Georgia kuogelea katika maji ya moto yatokayo ardhini, na mwaka 1927 akaweka huko chama cha kuwasaidia wagonjwa wengine wa polio. Mwaka 1928 alichaguliwa kuwa Gavana wa New York, na mwezi wa Novemba 1932 akachaguliwa kuwa Rais wa Marekani.

Alishika kazi tarehe 4 Machi 1933. Wakati ule nchi yake ilikuwa katika shida kubwa. Mabenki yalifungwa, na karibu mfanyi kazi mmoja katika kila wanne hakuwa na kazi. Sitaeleza hapa yote aliyoyafanya, kwa sababu vitabu vya historia vimeyaeleza, nasi twayasoma darasani. Mimi nafuata njia ya stempu.

Katika Marekani stempu hutolewa kwa amri ya Mkuu wa Posta. Roosevelt alipoingia White House, mambo ya stempu hayakupita tena bila yeye kuyaona. Michoro ililetwa mezani pake, naye akaikubali au akaikataa. Mara nyingine alishika kalamu akachora mwenyewe. Mwaka 1933 msafiri Byrd alipojitayarisha kwenda katika barafu ya kusini kabisa ya dunia, stempu iliyotolewa kwa ajili ya barua za safari ile ilitengenezwa kwa kufuata mchoro wa Rais. Katika muda wa utawala wake stempu zaidi ya 200 zilipata kibali chake. Tena wizara ya mambo ya nchi za nje, ambayo hupokea barua kutoka kila upande wa dunia, ilimwekea stempu za bahasha zake, naye akazipokea kwa furaha kama mtoto apokeavyo sukari guru.

Hata hivyo mambo ya stempu yalimletea aibu kidogo. Mkuu wa Posta wake wa kwanza, Bwana James Farley, alikuwa na desturi ya kununua karatasi nzima za stempu mpya kabla hazijatobolewa vitundu wala kupakwa gundi, akazigawa kwa rafiki zake kuwa zawadi. Rais alipata zake pia. Wakusanyaji wa nchi nzima waliposikia, walinung'unika sana, kwa maana vitu hivyo haviuzwi posta, na mtu wa kawaida hawezi kuvipata hata akiwa na fedha. Ulikuwa upendeleo mtupu. Mwisho, mwaka 1935, serikali ililazimika kuchapa karatasi za namna ile kwa wingi na kumwuzia kila atakaye. Hapo mkubwa na mdogo wakawa sawa mbele ya dirisha la posta. Mimi naona hili ni jambo zuri la kukumbuka: kupenda kitu si kosa, lakini kukipata kwa mlango wa nyuma ni kuwadhulumu wengine.

Sasa nafika katika bahasha zenyewe.

Yafaa mjue kwamba stempu ni sehemu moja tu ya barua. Mkusanyaji mwerevu huitunza bahasha nzima, kwa kuwa bahasha ni shahidi mwenye maneno mengi. Stempu husema nchi na bei. Muhuri wa posta husema mji na tarehe. Anwani husema nani alikuwa akingojea habari. Na wakati wa vita huongezwa alama ya mkaguzi, yaani mtu wa serikali aliyeifungua barua, akaisoma, akaifunga tena kwa karatasi yenye gundi, ili asije mtu akaandika siri za majeshi.

Wamarekani walikuwa wamezoea tangu zamani kupamba bahasha wakati wa vita. Katika vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyoanza mwaka 1861, wachapaji wa pande zote mbili walitoa bahasha zenye bendera, askari na picha za kumcheka adui, na hata wakati ule wako watu waliozinunua kwa kuziweka tu, si kwa kuziandikia. Basi ndege za Wajapani ziliposhambulia Pearl Harbor, tarehe 7 Desemba 1941, na Marekani ikaingia katika Vita Kuu ya Pili, desturi ile ikaamka kwa nguvu. Wachapaji wakubwa na wadogo, na hata watu majumbani mwao, wakachapa picha upande wa kushoto wa bahasha, kwa sababu upande wa kulia ni mahali pa stempu na anwani. Zilikuwamo picha za bendera, za tai, za meli na ndege, za herufi V iliyo alama ya ushindi, na picha za kuwadhihaki Hitler, Mussolini na Tojo. Barua ya mama kwa mwanawe aliye askari ikawa nayo imevaa nguo ya vita.

Ilikuwako njia maalum ya kupata bahasha ya siku ya kwanza. Posta ilitangaza kwamba stempu fulani itatolewa tarehe fulani katika mji fulani. Mkusanyaji akatayarisha bahasha zake zenye picha, akaandika anwani yake mwenyewe, akazipeleka pamoja na fedha ya stempu kwa mkuu wa posta wa mji ule. Siku ilipofika, makarani wakabandika stempu mpya, wakapiga muhuri wenye tarehe ile ile, wakazirudisha kwa mwenyewe. Kwa hiyo bahasha ile haikubeba barua yo yote. Ilibeba siku.

Tarehe 4 Julai 1942, sikukuu ya uhuru wao, ilitolewa stempu ya senti 3 yenye tai aliyenyosha mabawa yake mfano wa herufi V. Zikachapwa zaidi ya bilioni 20, hata ikawa stempu ya kila barua wakati wa vita. Siku tatu baadaye, tarehe 7 Julai 1942, ilitolewa katika mji wa Denver stempu ya kuwaheshimu Wachina, ambao walikuwa wametimiza miaka mitano ya kupigana na Wajapani. Ilikuwa na sura za watu wawili, Abraham Lincoln na Sun Yat-sen. Mkumbuke kwamba stempu za kwanza za Franklin zilitoka kwa mama aliyekaa Hong Kong.

Lakini stempu ambazo ndani yake mkono wa Roosevelt waonekana zaidi ni zile 13 za nchi zilizotekwa. Yeye ndiye aliyelipenda na kulihimiza wazo la kutoa stempu kwa kila nchi iliyokaliwa na maadui, yenye bendera ya nchi ile kwa rangi zake zenyewe. Hili halikuwa jambo rahisi. Kiwanda cha serikali hakikuwa na mashine za kuchapa rangi nyingi namna ile, hata kazi ikapewa kampuni ya American Bank Note. Katikati iliwekwa bendera. Upande mmoja kulichorwa ndege wa hadithi afufukaye kutoka katika majivu, na upande wa pili mwanamke aliyepiga magoti akikata minyororo yake. Ya kwanza ilikuwa ya Poland, tarehe 22 Juni 1943. Zikafuata nchi nyingine, zikiwamo Norway, Ubelgiji, Ufaransa na Ugiriki, na mwisho ikaja Korea, tarehe 2 Novemba 1944. Bei ya kila moja ilikuwa senti 5, nayo ndiyo iliyokuwa bei ya kupeleka barua nchi za ng'ambo. Wachapaji wa bahasha walifurahi mno. Kwa kila bendera walitengeneza picha yake, na wakimbizi wa nchi zile waliokaa Marekani wakaziona bendera ambazo nyumbani kwao zilikatazwa kupandishwa.

Nilipozisoma habari hizi mara ya kwanza, nilihesabu majina yale 13 nikitafuta nchi ya Afrika. Haimo hata moja. Uhabeshi ilitekwa na Waitalia mwaka 1936, lakini ilikwisha kukombolewa mwaka 1941, kabla stempu zile hazijachapwa. Na sisi wengine hatukuhesabiwa kuwa tumetekwa. Mwezi wa Agosti 1941 Roosevelt na Churchill walikuwa wametangaza Mapatano ya Atlantiki, yaliyosema kwamba kila taifa lina haki ya kuchagua serikali yake. Muda haukupita mrefu, Churchill akaeleza katika Bunge lake kwamba neno lile lilihusu kwanza nchi za Ulaya zilizo chini ya Wajeremani. Roosevelt kwa upande wake alisema ni la watu wote. Waafrika waliosoma waliyashika maneno ya Roosevelt. Mwezi wa Januari 1943 yeye mwenyewe alifika Afrika. Alipita Bathurst katika Gambia, akaenda Casablanca kushauriana na Churchill, kisha akafika Liberia kuonana na Rais Barclay. Umaskini alioukuta Gambia chini ya utawala wa Waingereza ulimchukiza, naye hakuuficha uchungu wake.

Sipendi kumfanya malaika. Tarehe 19 Februari 1942 alitia sahihi amri ambayo kwa ajili yake watu kama 120,000 wenye asili ya Japani, wengi wao raia wa Marekani kwa kuzaliwa, walihamishwa kwa nguvu kutoka makwao pwani ya magharibi wakawekwa kambini. Hawakushtakiwa wala hawakuhukumiwa. Kambi zile zilikuwa na posta, na barua zilitoka huko zikiwa na muhuri wenye jina la kambi. Leo wakusanyaji huzitafuta bahasha zile kama wanavyozitafuta zenye tai na bendera. Hazina picha wala rangi. Lakini ukiiweka moja kando ya bahasha ya siku ya kwanza yenye mwanamke anayekata minyororo, tena zote mbili za mwaka mmoja, utaona kwamba mkono uliopitisha stempu ile ndio uliotia sahihi amri ile. Mwaka 1988 serikali ya Marekani iliomba radhi na kuwalipa waliokuwa hai bado. Bahasha haziombi radhi wala hazishitaki. Hukaa tu na tarehe zake, na mwenye macho husoma.

Roosevelt alichaguliwa mara nne: mwaka 1932, 1936, 1940 na 1944. Hakuna Rais mwingine wa Marekani aliyepata kufanya hivyo, na sheria yao sasa hairuhusu. Katika safari zake zote za vita sanduku la stempu lilikwenda naye, na usiku kabla ya kulala, akipata nafasi, alilifungua. Watu wengine walifikiri ni mchezo wa kitoto. Lakini mtu aliyebeba vita vya dunia nzima mchana kutwa, tena asiyeweza kusimama kwa miguu yake, alihitaji mahali padogo ambapo kila kitu hukaa katika mstari wake.

Mwanzo wa mwaka 1945 alikuwa amechoka sana. Akaenda Warm Springs kupumzika, akiwa amekusudia kwenda San Francisco, ambako tarehe 25 Aprili mataifa yangekutana kuweka Umoja wa Mataifa. Stempu ya mkutano ule ilikuwa katika kutayarishwa. Tarehe 12 Aprili 1945 mshipa wa damu ulipasuka katika ubongo wake, akafa siku ile ile, naye ana umri wa miaka 63. Vita vya Ulaya vilikwisha kabla ya mwezi kutimia. Stempu ya San Francisco ilitoka siku yake iliyopangwa, na juu yake limeandikwa jina la Roosevelt. Makarani wakapiga muhuri bahasha za siku ya kwanza, na mkusanyaji mmoja hakuwako kupokea yake.

Posta ikatoa stempu nne za kumkumbuka. Moja ina picha ya nyumba yake ya Hyde Park, moja ya nyumba yake ndogo ya Warm Springs, moja ya White House, na ya nne, iliyotolewa tarehe 30 Januari 1946, siku ambayo angetimiza miaka 64, ina ramani ya dunia upande wa Amerika. Nchi nyingine nazo zikatoa za kwao. Mwaka ule ule wa 1946 mkusanyo wake uliuzwa katika mnada New York. Yasemekana zilikuwamo stempu zaidi ya milioni moja, nyingi zikiwa za bei ndogo tu, kwa maana hakukusanya kwa kutafuta faida. Hata hivyo watu walizigombania, na fedha iliyopatikana ilipita dola 200,000. Kilichowavuta si stempu, bali ni mkono uliozishika.

Sasa nitaeleza sababu niliyoiahidi.

Babu yake mama yangu alikuwa askari wa King's African Rifles, akapigana Burma mwaka 1944. Alikuwa na mkebe wa bati wenye barua. Barua zenyewe zililiwa na mchwa zamani, zikabaki bahasha kumi na moja, nazo zilikaa kwa bibi yangu, aliye binti yake. Bibi hasomi, lakini alizijua bahasha zile moja moja kwa sura. Nyingine nyumbani walizipeleka kwake, naye akarudi nazo alipotoka vitani, na nyingine alizituma yeye. Nilipoingia katika chama cha stempu hapa shuleni, nilimwomba mkebe ule, naye akanipa bila kusita, kwa kuwa mimi ni mjukuu wake niendaye shule.

Nilifanya kama kitabu kidogo cha wanaoanza kilivyonifundisha. Niliweka bahasha katika beseni la maji ya vuguvugu, stempu zenye kichwa cha Mfalme George wa Sita zikaachana na karatasi, nikazikausha juu ya gazeti. Bahasha tisa zilikwisha hivyo, na mabaki yake nikayatupa jalalani. Mbili nilizirudisha katika mkebe kwa sababu hazikuwa na stempu, nami nikaona hazina thamani.

Likizo ilipofika nilimpelekea bibi albamu yangu nimwonyeshe jinsi nilivyozipanga vizuri. Alizitazama, akafunua ukurasa wa pili na wa tatu, kisha akauliza barua za baba yake ziko wapi. Nilipomweleza hakunikemea. Alifunga albamu, akanirudishia kwa mikono miwili, akaingia jikoni. Ningalipenda anipige.

Baadaye mwalimu anayetusimamia katika chama alinionyesha kitabu chenye picha za bahasha za wakati wa vita, na habari za Rais huyu aliyetumiwa bahasha na dunia nzima. Hapo ndipo nilipofahamu nilichokitupa. Stempu zangu tisa ni za namna iliyochapwa kwa maelfu na maelfu, mtu aweza kuzinunua kwa bei ya soda. Lakini tarehe za safari ya mzee yule, mji uliopokea barua, mkono wa karani aliyemwandikia mke wake, alama za wakaguzi, yote yalikwenda na maji ya beseni. Hakuna mtu katika ukoo wetu ajuaye alipelekwa mwezi gani au alirudi lini. Bahasha zilikuwa zikijua.

Zimesalia zile mbili nilizozidharau. Mwalimu alizisoma pamoja nami kwa kioo. Zina muhuri wa posta ya jeshi na alama ya mkaguzi, na juu ya moja tarehe yaonekana: Oktoba 1944. Basi siku moja tunayo. Mzee alikuwa hai siku ile, na alikuwa akiwafikiri watu wa nyumbani. Nimeziweka katika mfuko safi, nikampelekea bibi, nikamsomea tarehe ile. Alinifanya niirudie mara tatu. Kisha akaziweka katika mkebe, na mkebe akauweka chini ya mto wake, wala hakunipa tena. Nadhani alifanya vema.

Ndugu zangu, wengi wenu mnao wazee nyumbani, na katika makasha yao zimo karatasi ambazo macho ya kijana huona ni takataka. Kabla hujakata, uliza. Kabla hujalowesha, soma pande zote mbili, kisha andika ulichosoma. Roosevelt alipewa stempu na mama yake kwa mkono wa mjomba, akazitunza miaka zaidi ya hamsini. Mimi nilipewa kumi na moja na bibi yangu, na katika alasiri moja nikabaki na mbili.

Kwa hayo nakoma hapa.